Ukungu wa Aina Mbili

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mzee mmoja wa mtaa wa Tudor, Mombasa, aliyeendesha teksi kwa zaidi ya miaka ishirini, dalili hiyo ilikuwa harufu. Kabla wingu la kwanza halijatanda juu ya bandari ya Kilindini, kabla upepo wa kaskazi haujachoka ukampisha kusi, zulia la gari lake lilianza kutoa mnuko hafifu, kama wa kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Aliusikia mnuko huo kila mwaka, akaupokea kama mtu anavyompokea jirani asiyempenda, akaendelea na shughuli zake. Mwaka huo, hata hivyo, mnuko ulikuja mapema na ulikataa kuondoka.

Neno msimu lina asili ya Kiarabu. Neno hilohilo lilidakwa na Wareno, likapita katika vinywa vya Wazungu wengine, na hatimaye likawa ndilo jina wanaloziitia pepo za Bahari ya Hindi. Kwa hivyo anayetaja msimu wa maembe na baharia anayetaja pepo za kaskazi na kusi wanateka maji katika kisima kimoja. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi. Kusi hushika zamu mnamo Aprili, na mwanzo wake ndio unaoandamana na masika. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, ambapo kwa wastani huanguka zaidi ya milimita 200, ilhali Januari na Februari huweza kupita bila tone la maana. Fasihi yetu imelisifu jahazi na pepo zake hata sifa zenyewe zikachakaa. Teksi haijapata malenga wake, ijapokuwa nayo hukabiliana na kusi kila mwaka, tena bila tanga.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, lililotumika huko kwanza kabla ya kuteremshwa bandarini, kama yalivyo mengi yanayokimbia katika barabara za Kenya. Lilikuwa jeupe, lenye mstari wa manjano ubavuni. Kila alfajiri, baada ya sala, mzee alilipangusa kwa kitambaa laini toka paa hadi magurudumu, akasugua vioo, akafuta dashibodi, akakung'uta vumbi. Viti alikuwa ameviacha ndani ya nailoni ileile waliyovalishwa siku vilipotiwa vitambaa vipya, naye alijivunia nailoni hiyo kama bibi anavyojivunia sahani zisizotolewa kabatini ila kwa wageni. "Katika gari hili mtu aweza kula wali sakafuni," alipenda kuwaambia wenziwe kituoni. Wenziwe walicheka, lakini hawakubisha. Usafi wake ulijulikana, na ni usafi huo uliompatia kazi ambayo madereva wengi huitamani: kumpeleka mtoto shuleni kwa malipo ya mwezi.

Mtoto huyo alikuwa msichana wa miaka tisa, mwenye pumu. Mama yake alifanya kazi ya zamu na hakuweza kumpeleka mwenyewe hadi Nyali. Matatu alizikataa kwa sababu ya moshi na msongamano. Alilitazama gari la mzee likimetameta chini ya mwarobaini, akaona amepata salama. Kila asubuhi binti alitoka na mkoba wake na kichupa chake cha dawa ya kuvuta, akasema, "Shikamoo, ami." "Marahaba, mwanangu." Kisha akaketi nyuma, upande wa kushoto, nao wakashika njia ya Buxton kuelekea daraja la Nyali. Malipo ya safari hizo yalitosha kodi ya nyumba. Abiria wengine wote walikuwa ziada.

Ukweli ambao mzee hakuupenda ni kwamba alikuwa akijua. Tangu mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka wa 2023, kila alipokanyaga breki ghafla alisikia kitu chini ya miguu ya abiria wa mbele kikienda chubwi, kisha kikirudi nyuma chubwi. Alijua kuwa gari halina mahali pa halali pa kuwekea maji hapo. Akainama siku moja, akapapasa zulia, akalikuta limekauka juu, akajiridhisha. Hakulifunua. Kulifunua kungemaanisha kung'oa viti, na kung'oa viti kungemaanisha siku kadhaa bila mapato. Basi akanunua chupa ya marashi ya kuning'iniza kwenye kioo. Marashi yaliposhindwa, mkewe akashauri udi, kama ilivyo ada ya nyumba za pwani kila panapokuwa na harufu ya kufukuzwa. Jioni za Ijumaa chetezo kilitiwa ndani ya gari, milango ikafungwa kwa robo saa, nalo likatoka likinukia kama bibi harusi.

Udi hufukiza, haukaushi. Sentensi hiyo ni fupi mno kwa gharama iliyoletwa na kutoielewa.

Mei ilipoingia, binti alianza kukohoa. Mwanzoni ilikuwa ni kikohozi cha kawaida walipokaribia darajani, kisha kikawa kinaanza Buxton, kisha kikaanza mara tu mlango ulipofungwa. Asubuhi moja, mvua ikimiminika, vioo vyote vikiwa vimefungwa na kiyoyozi kimezimwa ili kuokoa petroli, mzee aliona katika kioo cha kutazamia nyuma namna mabega ya mtoto yalivyokuwa yakipanda na kushuka. Hakuwa akikohoa tena. Alikuwa akitafuta hewa. Mzee alisimamisha gari kando ya barabara, akafungua mlango mvua ikamwagika ndani, akamsaidia kushika kichupa. Binti alivuta dawa mara moja, akangoja, akavuta mara ya pili. Ilichukua dakika kadhaa kabla sauti ile kama ya filimbi haijatoka kifuani mwake. Aliposhuka shuleni alisema, "Ahsante, ami," kana kwamba amefadhiliwa.

Jioni mama yake alimfuata mzee chini ya mwarobaini.

"Mzee wangu, nina neno, nalo ni zito kulisema."

"Sema, mwanangu."

"Mtoto akipanda gari lako hukohoa. Jumamosi na Jumapili hakohoi. Siku zote za likizo ya Aprili hakukohoa. Nimezihesabu."

"Gari langu ni safi," alijibu mzee, na sauti yake ilipanda kuliko alivyokusudia. "Uliza mtaa mzima."

"Sijasema ni chafu," alisema mama. "Nimesema mtoto hukohoa."

Akamlipa siku zilizokuwa zimesalia, senti kwa senti, akamwambia kuwa kuanzia kesho binti atachukuliwa na jirani. Hakumtukana. Labda angemtukana ingekuwa afadhali, kwani tusi huweza kujibiwa.

Kiswahili kimelipa neno ukungu mizigo miwili. Ukungu ni ule mvuke unaotanda angani au kwenye kioo hata mtu asione mbele. Ukungu pia ni ile kuvu inayoota juu ya mkate, ngozi, kitambaa na ukuta wenye unyevu. Wanaisimu wanaweza kubishana iwapo hii ni polisemia au ni homonimu, yaani kama ni neno moja lenye maana zilizopanuka au ni maneno mawili yaliyokutana njiani. Dereva wa masika hana haja ya mjadala huo. Kwake vitu hivi viwili ni mama na mwana. Maji yaliyo chini ya zulia hupanda yakawa mvuke. Mvuke huganda kwenye kioo ukawa ukungu wa kwanza. Unyevu uliosalia hulisha ukungu wa pili. Anayefuta kioo kwa kitambaa kila baada ya dakika mbili, kama alivyokuwa akifanya mzee mwaka mzima, anafuta machozi bila kuuliza anayelia ana nini.

Usiku huo hakulala vizuri. Alfajiri hakulipangusa gari. Alilipeleka kwa fundi mmoja kijana huko Majengo, akamwambia neno moja tu: "Fungua."

Fundi aliondoa kwanza waya za betri, kwa kuwa chini ya viti hupita nyaya ambazo si za kuchezewa zikiwa na umeme. Akafungua bolti za viti vya mbele, akavitoa, akang'oa viunzi vya plastiki vya milangoni, kisha akalishika zulia kwa pembe na kulikunja. Juu lilikuwa kavu na safi, la kuliwa wali. Chini yake mlikuwa na sponji nene, ile wanayoiweka watengenezaji ili kuzuia kelele za barabara, nayo ilikuwa imeshiba maji kama maandazi yaliyotumbukizwa katika chai. Walipoikamua, maji ya rangi ya kahawia yalikaribia kujaza ndoo. Mgongoni mwa zulia palikuwa na bustani: madoa meusi, madoa ya kijani, na sehemu nyingine nywele nyeupe laini kama ndevu za mtu aliyezeeka upesi. Bati la sakafu lilikuwa limeanza kuliwa na kutu. Bustani ilikuwa imestawi zaidi nyuma, upande wa kushoto.

Mzee alitazama mahali hapo kwa muda mrefu.

Kisha fundi alifungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, akaingiza mkono nyuma yake, akatoa chujio la kiyoyozi. Mzee hakuwa amewahi kujua kuwa kitu hicho kipo. Kilikuwa cheusi, na katika mikunjo yake mlikuwa na majani yaliyooza. Hewa yote iliyopulizwa ndani ya gari lile, baridi au moto, ilikuwa imepita hapo kwanza.

Ilibaki kujua maji yaliingilia wapi. Watu wengi hudhani ni viatu na miavuli tu, na ni kweli kwamba abiria wanne waliolowa huingiza maji si haba. Lakini viatu havijazi ndoo. Fundi alichukua jagi la maji, akalimimina polepole chini ya kioo cha mbele, pale zinapolala waipa. Hapo pana mfereji uliofichwa chini ya plastiki yenye matundu, na katika ncha zake pana vitobo vya kuyatoa maji ya mvua hadi chini barabarani. Maji hayakutoka chini. Yalipanda, yakafikia tundu linalovuta hewa ya feni, na baada ya muda mfupi yakaanza kudondoka ndani, mahali pa miguu ya abiria wa mbele, kisha yakafuata mteremko wa sakafu kwenda nyuma. Fundi aliondoa ile plastiki. Mfereji ulikuwa umejaa tope jeusi la majani madogomadogo yaliyooza hadi yakawa kama uji.

Yalikuwa majani ya mwarobaini. Mti huo unasifiwa kuwa hutibu maradhi arobaini, ndio asili ya jina lake kwa mujibu wa wasimulizi wa pwani. Kivuli chake ndicho kilichomfanya mzee aegeshe hapo miaka yote, ili jua lisiipauze rangi ya gari. Kila kaskazi mti ulipukutisha vijani vyake vyembamba, navyo vikapenya kwenye matundu ambayo jani la mwembe lisingeweza kupita. Sababu ya pili ilikuwa ndogo zaidi: kibomba kinachotoa maji ya kiyoyozi chini ya gari kilikuwa kimezibwa nusu kwa vumbi. Fundi alikizibua kwa waya laini na pumzi ya kinywa chake mwenyewe.

Sponji ilitupwa. Mzee alijaribu kuiokoa, akidai kuwa ikianikwa itafaa, lakini fundi alimwambia kuwa kitu chenye vinyweleo kikishaota ukungu hakisafishiki hadi ndani. Huo unaonekana ni matawi, mizizi imo katikati. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, ukungu aghalabu haupati nafasi ya kuota. Mzee aliupa miezi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo mwaka wa 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likiuhusisha na pumu na maradhi mengine ya kupumua. Gari ni chumba pia, tena kidogo kuliko vyumba vyote ambamo mtoto hufungiwa.

Zulia lilioshwa kwa sabuni, likasuguliwa kwa siki, kisha likahitaji jua. Lakini jua la Mei ni kama deni la rafiki: hulipwa vipande vipande. Hatimaye zulia lililetwa nyumbani na kutandazwa juu ya viti viwili sebuleni chini ya pangaboi, likazungushiwa upepo mchana na usiku.

"Bwana, sasa tumekuwa watatu katika nyumba hii," alisema mkewe usiku wa pili, akilikwepa ili apite na sinia.

"Vumilia, mama watoto."

"Mimi navumilia." Akaweka sinia chini. "Ule udi nilioutia, ulimdhuru?"

Mzee hakujibu upesi. Moshi wa udi na marashi makali huweza kumchokoza mwenye pumu sawasawa na ukungu wenyewe. Hilo alikuwa ameshaambiwa. "Tulikuwa wawili," alisema.

Siku tano zilipita bila mapato. Bati lilikwanguliwa kutu na kupakwa rangi, sponji mpya ikanunuliwa, viti vikarudishwa. Nailoni ilichanwa yote. Mzee aliichana mwenyewe kwa wembe, na chini yake akakuta madoa ambayo jasho la abiria lilikuwa limeyafuga kwa kukosa hewa.

Tangu hapo mwenendo wake wakati wa masika ulibadilika, na wenziwe wa kituoni hawakukosa la kusema. Milangoni aliweka matandiko ya mpira yenye kingo zilizoinuka, yanayozuia maji ya viatu yasimwagike, naye huyamwaga nje kila abiria wanaposhuka. Miavuli haiingii mikononi mwa watu tena. Hutiwa katika ndoo nyembamba iliyofungwa ndani ya buti. Magazeti ya jana hutandikwa juu ya matandiko hayo mvua inapozidi, na hubadilishwa kabla hayajalegea. Kikapu kidogo cha mkaa kipo chini ya kiti, kwa sababu mkaa humeza harufu. Chumvi, ambayo mwenzake mmoja aliisifu, aliikataa: ni kweli hunyonya unyevu, lakini ikishiba hutokwa na maji yake, na maji ya chumvi juu ya bati ni shari mpya.

Jambo lililomshangaza zaidi ni kiyoyozi. Miaka yote alikiona kuwa ni anasa ya kiangazi na mlaji wa petroli. Kumbe kinapopoza hewa huikausha pia: mvuke huganda ndani yake ukawa maji, nayo maji hutiririka chini ya gari kupitia kibomba kile kilichokuwa kimezibwa. Kuzima kiyoyozi wakati wa mvua, kisha kufunga tundu la hewa ya nje ili pumzi za watu wanne waliolowa zizunguke humohumo, ndiko kulikokuwa kukikipaka kioo chake ukungu. Sasa hukiwasha hata panapokuwa na baridi, tundu la hewa ya nje likiwa wazi, na kioo huwa cheupe kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kutafuta kitambaa. Dakika chache kabla ya kufika mwisho wa safari hukizima na kuiacha feni ikipuliza peke yake, ili vyuma vilivyolowa ndani visilale na maji. Panapotuama maji asiyoyajua kina, hugeuza. Alfajiri, kabla ya kuushika ule mfereji ulio chini ya kioo na kuokota vijani kimoja kimoja, halipangusi paa. Na kila jioni hunyanyua pembe ya zulia, upande wa kushoto nyuma, akaingiza kiganja.

Yote hayo aliyafanya akiwa hana hakika ya jambo moja lililomkaa rohoni. Mama wa binti alikuwa ameshapata usafiri mwingine. Hakuna aliyemdai maelezo. Angeweza kunyamaza, na mtaa ungeendelea kumsifu kwa usafi wake. Wiki tatu alipishana na mama yule akamwitikia salamu, akapita. Ijumaa ya nne alimkuta dukani akinunua mafuta ya taa, akamwomba watoke nje kidogo.

Alimweleza yote: chubwi ya breki, marashi, udi, ndoo ya maji, chujio. Alimwambia pia sehemu ambayo hakumwambia hata fundi, kuwa alikuwa akisikia maji yale tangu Novemba. "Nimekuja ili umweleze daktari wake," alisema. "Asije akampa mtoto dawa kubwa kwa sababu ya gari langu."

Mama alinyamaza. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza. Alimtazama mzee kwa namna isiyokuwa ya kusamehe wala ya kulaumu, kama mtu anayehesabu.

"Gari liko wapi?"

Halikuwa chini ya mwarobaini. Lilikuwa limeegeshwa peupe, mbali na mti wowote, na rangi yake ilikuwa imeanza kupauka paani. Mama alifungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaweka chupa ya mafuta chini, akapiga magoti juu ya kizingiti. Akanusa kwanza. Kisha akanyanyua zulia kwa mkono mmoja, akaingiza kiganja cha mkono wa pili hadi kwenye kifundo, akakiacha humo, ilhali mzee amesimama nyuma yake mvuani akimwinulia mwavuli ili maji yasiingie ndani.